Nairobi hadi New York: Saa 7 za Kwenda na 22 za Kurudi Zimetoka Wapi?

Swali: Assalaam alaikum. Mimi ni mama mtu mzima, naishi Mombasa. Mwanangu aliyeko New Jersey amenikatia tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, niende nikamwone mjukuu mpya. Tiketi inasema naondoka tarehe 14 Januari 23:25 na kufika tarehe 15 Januari 06:25. Nikihesabu ni saa saba tu. Ya kurudi inasema naondoka tarehe 26 Februari 12:25 na kufika tarehe 27 Februari 10:25, yaani saa ishirini na mbili. Mjukuu wangu wa hapa nyumbani, anasoma kidato cha pili, anasema kwenda ni saa kumi na tano. Umbali si ule ule? Ndege yenyewe inapita wapi? Jirani yangu anashikilia kuwa kupitia Dubai ni karibu zaidi, ndiyo maana watu wengi hupita huko. Na sala ya alfajiri itanikuta wapi?

Jibu: Waalaikum salaam, na shikamoo mama. Hongera kwa kupata mjukuu.

Tiketi haikukosea, wala huyo kijana wa kidato cha pili hakukosea. Kwenda ni saa kumi na tano, kurudi ni saa kumi na nne. Nimefanya kazi ya kupanga njia za ndege kwa miaka mingi, na katika maswali yote ya abiria hili ndilo linalorudi mara kwa mara, hata kwa watu waliozoea kusafiri. Kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu, maana ukilielewa mara moja hutababaishwa tena na tiketi yoyote.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya ndege ni saa ya mji unaotajwa hapo. Ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Ukitoa moja kwenye nyingine, unatoa saa za kuta mbili tofauti, na jibu utakalopata halina uhusiano na muda utakaokaa kitini. Mwezi wa Januari New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Ndege yako ikianza kusogea Nairobi 23:25, mwanao kule akitazama ukutani ataona 15:25, alasiri ya tarehe ile ile 14. Kutoka hapo mpaka 06:25 ya asubuhi ya pili, hesabu mwenyewe: saa kumi na tano. Kurudi vivyo hivyo. Ukiondoka New York 12:25 mchana, huku kwetu ni 20:25 ya usiku, na mpaka 10:25 ya asubuhi ni saa kumi na nne.

Kama hukumbuki tofauti ya saa kati ya miji miwili, iko njia ya mkato. Jumlisha saa za kwenda na za kurudi kama zinavyoonekana kwenye tiketi, kisha gawanya kwa mbili. Kwako wewe 7 na 22 ni 29, nusu yake 14 na nusu. Huo ndio wastani wa safari yako kwa upande mmoja. Hesabu hii inakubali kwa sababu zile saa nane zinazopungua wakati wa kwenda ndizo zinazoongezeka wakati wa kurudi, zinafutana. Inaharibika tu pale Wamarekani wanapobadilisha saa zao katikati ya safari yako. Wao husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kati ya tarehe hizo tofauti yetu nao huwa saa saba badala ya nane. Sisi Afrika Mashariki hatugusi saa zetu mwaka mzima. Wewe unakwenda Januari na kurudi Februari, basi hilo halikuhusu safari hii, ila ukitaka kumpigia mwanao simu mwezi wa Aprili ulikumbuke.

Kabla ya kufika kwenye umbali, nakuomba uangalie tena zile saa za tiketi, maana ratiba yako ina mtego ambao msemaji wa Kiswahili anaweza kuuingia kirahisi kuliko mtu mwingine yeyote. Tiketi inahesabu saa tangu usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua. 23:25 ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. 06:25 utakayofika ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Sasa tazama ya kurudi: 12:25. Mtu akimwambia ndugu yake kwa simu "ndege yangu ni kumi na mbili na ishirini na tano", ndugu anaweza kuelewa jioni, au alfajiri, na kumbe ni saa sita na dakika ishirini na tano mchana. Mwandikie mwanao kwenye ujumbe namba zilivyo kwenye tiketi, pamoja na neno mchana au usiku, na umwombe naye akuandikie hivyo hivyo. Na ikitokea kampuni ikasogeza ndege yako ya kwenda kwa saa moja tu, itaandikwa 00:25 tarehe 15 Januari. Hapo usiende uwanjani usiku wa tarehe 15. Utakwenda usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani ule ule wa tarehe 14. Watu wenye akili zao timamu wameachwa na ndege kwa jambo hili.

Haya, umbali. Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na uwanja wa John F. Kennedy kuna takriban kilomita 11,840. Ni zaidi kidogo ya robo ya mzingo wa dunia. Tunaupata kwa kupima nyuzi, yaani digrii za mviringo wa dunia, si kwa rula juu ya ramani: toka Nairobi hadi New York, kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, ni karibu nyuzi 106 na nusu. Kila digrii moja ina maili 60 za baharini, na maili moja ya baharini ni mita 1,852. Zidisha, utafika hapo hapo. Mabaharia walitumia kipimo hiki kabla yetu na marubani hawakuona sababu ya kukibadilisha.

Ukichukua ramani ya ukutani na kupiga mstari wa rula kutoka Nairobi hadi New York, mstari utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Burkina Faso, utoke Mauritania na kukata bahari. Unaonekana ndio mfupi, lakini kuufuata ungekuongezea zaidi ya kilomita 300. Ramani ni dunia ya mviringo iliyolazimishwa kulala bapa, na imevutwa zaidi kila unavyokwenda kaskazini. Mwombe yule kijana akuletee tufe la dunia la shuleni kwao, nawe chukua uzi wa kushonea. Bana ncha moja ya uzi Nairobi na nyingine New York, kisha uukaze. Utaona uzi wenyewe unapanda kaskazini.

Uzi huo unatoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, unavuka Uganda karibu na Lira, unaingia Sudan Kusini, unakata pembe ya kusini-magharibi ya Sudan, jirani na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha Chad, Niger, jangwa la Algeria, na Morocco. Hapo Afrika inaisha na Atlantiki inaanza. Unapita katika visiwa vya Azores, vya Ureno, vilivyo peke yake katikati ya bahari. Halafu jambo ambalo wengi hawaliamini: unapanda hadi kaskazini kuliko New York yenyewe, kwenye latitudo ya 42, kabla ya kushuka tena kuuendea mji.

Ushahidi wa jambo hili utauona kwa macho yako. Hapo Mombasa kibla yako ni kaskazini, karibu moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko kwenye longitudo ile ile ya Mombasa kwa tofauti ndogo sana. Ukifika New Jersey utakuta misikiti imeelekea kaskazini-mashariki. Ukitazama ramani ya ukutani, Makka iko kusini-mashariki ya New York, na mgeni anaweza kudhani jengo limejengwa kombo. Limejengwa sawa. Ni ule uzi juu ya tufe: njia fupi ya kutoka New York kwenda Makka inaanzia kaskazini-mashariki, kama njia fupi ya kwenda Nairobi inavyotokea huko huko.

Ndege haifuati uzi huo hatua kwa hatua. Kila nchi ina anga yake, na anga hufungwa. Vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria. Baada ya mapinduzi ya Niger ya Julai mwaka huo huo, anga ya Niger nayo ilifungwa tangu mwanzoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba. Uzi wako unapita juu ya Niger kabisa. Siku kama hizo mpangaji hukaa na ramani na kutafuta pa kupita, na abiria huona tu kwamba safari imeongezeka dakika kadhaa. Kwa hiyo ukitazama ramani kwenye kioo cha kiti chako na kuona njia imepinda tofauti na nilivyoeleza, usiwe na wasiwasi. Imepangwa hivyo saa chache kabla hujapanda, kwa kuangalia anga na upepo wa usiku ule.

Upepo ndio sababu kuu ya ile saa moja ya tofauti. Wewe ni mtu wa Mombasa, hili nitakueleza kwa lugha ya pwani. Majahazi ya Muscat na Ghuba yaliteremka kwetu na kaskazi na kurejea kwao na kusi, na nahodha aliyelazimisha kwenda kinyume cha msimu alichoka na mara nyingi hakufika. Juu huko, kwenye kilomita 10 hadi 12 ambako ndege zinapita, Atlantiki ya Kaskazini ina upepo wake mkubwa unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Tofauti na pepo zetu, huo haugeuki. Unavuma upande ule ule mwaka mzima, ila wakati wa baridi yao, Desemba hadi Februari, unakuwa na nguvu zaidi. Utasafiri ndani ya miezi hiyo hasa.

Tuuweke kwenye hesabu. Ndege inayofanya safari hii ni Boeing 787, ambayo hukata hewa kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Kilomita 11,840 kwa kasi hiyo ni saa 13 na dakika chache. Ongeza muda wa kupanda na kushuka, wakati mwendo ni mdogo, na muda wa kuzunguka ardhini kabla na baada, unafika karibu saa 14. Hiyo ndiyo safari isiyo na upepo wowote. Sasa chukua kipande cha baharini, kilomita 5,500 hivi, na upepo wa kilomita 100 kwa saa unaokuja usoni. Ndege bado inakata hewa kwa 900, lakini hewa yenyewe inarudi nyuma kwa 100, basi juu ya maji unasogea kwa 800 tu. Kipande hicho ambacho kingechukua saa 6 na dakika 7 sasa kinachukua saa 6 na dakika 53. Umepoteza dakika 46. Kurudi, upepo ule ule unakusukuma mgongoni, unasogea kwa 1,000, na kipande kinaisha kwa saa tano na nusu. Ukilinganisha kwenda na kurudi unaona tofauti ya saa moja na dakika ishirini na kitu imetoka kwenye upepo mtupu. Tiketi haionyeshi yote kwa sababu kampuni huacha akiba, na foleni ya ndege za kuruka pale New York mchana hula sehemu ya faida. Ndiyo maana usishangae mkitua Nairobi kabla ya saa iliyoandikwa.

Kilomita 100 niliyoitumia ni ya kawaida kabisa. Mwezi wa Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina la Ciara ilipokuwa ikivuma kuelekea Ulaya, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa sita. Juu ya ardhi ilifikia kasi ya zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Injini zilikuwa zile zile za kila siku.

Nairobi yenyewe nayo ina mchango wake, na huu abiria wengi hawaujui. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na ndege hubebwa na hewa. Mabawa yanapata mshiko mdogo, injini zinavuta hewa kidogo, hivyo ndege lazima ikimbie zaidi ardhini kabla haijaweza kuinuka. Njia ya kurukia ya pale ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na kwa ndege nzito inahitajika. Jua la mchana linazidisha ugumu, kwani hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Ndege nzito ya masafa kama haya kuruka usiku wa manane, Nairobi ikiwa imepoa, kuna faida kubwa.

Na usiku wako itakuwa nzito kwelikweli. Kenya Airways ilipoanza safari hii tarehe 28 Oktoba 2018, ikiwa ndege ya kwanza ya abiria kuunganisha Kenya na Marekani bila kutua njiani, ilitangaza kuwa kila upande unahitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu kumi na wawili. Ndege ya aina hiyo, 787-8, hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 228 hivi. Zaidi ya theluthi ya uzito huo ni mafuta. Hapo ndipo sisi wapangaji hukuna kichwa: upepo wa usoni ukiwa mkali, unataka mafuta zaidi, na hewa ya Nairobi haikuruhusu uzito zaidi, basi kitu kingine lazima kipungue. Mara nyingi ni shehena. Kutoka New York shida hiyo haipo, kwani uwanja uko mita chache tu juu ya bahari na upepo unakusukuma. Mtu akikuambia kwenda na kurudi ni safari moja kwa sababu umbali ni mmoja, mwambie kwa rubani hizo ni safari mbili tofauti.

Marubani wanne ni kwa sababu binadamu hawezi kukaa macho kwenye usukani saa kumi na tano. Wanapokezana, wawili wakilala kwenye vyumba vidogo vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Juu ya bahari wanawasiliana na vituo vya anga vya mbali, kimojawapo kiko kisiwa cha Santa Maria huko Azores, na wakati wote wanajua uwanja wa karibu wa kukimbilia iwapo injini moja itasumbua. Lajes, huko huko Azores, na Bermuda ni miongoni mwake. Nayataja haya kwa kuwa najua mtu anayesafiri mara ya kwanza juu ya maji kwa saa nyingi huwaza, na ana haki ya kujua kwamba kuna waliokwisha kuyawaza kabla yake.

Sasa sala. Swali lako hili ni zuri sana, na jibu lake linatoka kwenye hesabu zile zile. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kati ya Nairobi na New York kuna nyuzi 110 na ushei za longitudo, hivyo kwa jua lenyewe miji hii imeachana kwa saa saba na dakika ishirini na kitu. Unapokwenda magharibi usiku, unalikimbia jua linalokuja nyuma yako. Linakimbia karibu mara mbili ya ndege, lakini halitakupata kabla ya kutua. Usiku wako wa tarehe 14 utaanza Nairobi jua likichwa kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni, na hautaisha mpaka jua la New York lichomoze karibu 07:20 ya kule, yaani saa moja na dakika ishirini asubuhi. Usiku huo mmoja utakuwa na urefu wa zaidi ya saa ishirini. Safari yote, toka Nairobi mpaka magurudumu kugusa ardhi, nje ya dirisha ni giza.

Kwa hiyo usitazame saa yako ya mkononi iliyobaki na wakati wa Mombasa. Itakapoonyesha saa kumi na moja alfajiri ya huku, wewe utakuwa bado Afrika, na kwa jua la mahali ulipo ni usiku mkubwa. Alfajiri yako itaingia mkiwa mnakaribia New York, karibu nusu saa kabla ya kutua. Wakati huo wahudumu wamekwisha kuwaambia mfunge mikanda na vyoo havitumiki. Tia udhu mapema, mara tu taa za ndani zikiwashwa kwa ajili ya chai ya asubuhi. Ukishatua 06:25 una kama dakika hamsini kabla jua halijachomoza, na foleni ya uhamiaji pale inaweza kuzila zote. Ukitaka kusali chini, sali kabla ya kuingia kwenye foleni, mahali palipo wazi pembeni, au sali kitini mkiwa bado hewani alfajiri ikishaingia. Lipi lililo bora muulize sheikh wako kabla hujaondoka. Mimi kazi yangu ni kukuonyesha wakati utakavyokuwa.

Kurudi mambo yanageuka. Mnaondoka mchana, na adhuhuri ya New York mwishoni mwa Februari huingia dakika chache baada ya saa sita, mkiwa pengine tayari mnapanda ndege. Halafu mnalikabili giza linalokuja mbele yenu. Jua litakuchwea baharini kama saa tatu tu baada ya kupaa, na kabla ya hapo alasiri itakuwa imepita upesi kuliko ulivyozoea. Usiku wenyewe utakuwa mfupi, saa nane au tisa, na jua litachomoza mkiwa juu ya Afrika, karibu na mipaka ya Chad, saa mbili na nusu hivi kabla ya kutua. Kwa safari ya namna hii dirisha ni mwongozo bora kuliko saa. Mwambie mwanao akuchagulie kiti cha dirishani kwa kurudi, na cha njiani kwa kwenda, ili usimwamshe mtu kila unapotaka kunyoosha miguu gizani.

Jirani yako mheshimu, ila umbali amekosea. Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,560, na Dubai hadi New York ni 11,020. Jumla 14,580, yaani unaongeza zaidi ya kilomita 2,700 kwa kuanza safari ukielekea upande usiokwenda. Kupitia Amsterdam ni afadhali, jumla ni karibu 12,530, nyongeza ya kilomita 700 tu, kwa sababu Ulaya haiko mbali na ule uzi wetu. Watu hupita Dubai kwa sababu ndege ni nyingi, bei mara nyingine ni nafuu, na wengine wanapenda kupumzika katikati. Hizo ni sababu halali. Lakini ukihesabu na saa za kungojea uwanjani, ni nadra upite huko kwa chini ya saa ishirini. Kwa mama wa umri wako anayesafiri peke yake, mwanao amechagua vizuri: hakuna kubadilisha ndege, na hakuna kutafuta mlango kwenye uwanja usioujua.

Kuhusu mwili, machache. Hewa ndani ya 787 huwekwa kama ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hivi, karibu sawa na katikati ya jiji la Nairobi, kwa hiyo kifua kilichozoea Nairobi hakitasumbuka. Ila ni kavu sana. Kunywa maji hata kama huna kiu. Simama utembee kila baada ya saa mbili au tatu, maana damu ikituama miguuni kwa saa kumi na tano ni hatari ya kweli. Kama unatumia dawa za presha au sukari, ziweke kwenye mkoba wa mkononi, wala usizitie kwenye begi linalokwenda chini, na umuulize daktari uzinywe kwa kuhesabu saa zilizopita tangu dozi ya mwisho au kwa saa ya mji gani. Siku za kwanza New York utaamka usiku wa manane ukiwa macho kabisa, na ukirudi Mombasa itakuwa vigumu zaidi kuzoea, kwa sababu mwili huona tabu zaidi kuwahishwa kulala kuliko kucheleweshwa. Jipe wiki nzima.

Na usiisahau safari ya kabla ya safari. Ndege ni 23:25, uwanjani unatakiwa uwe saa tatu kabla, yaani 20:25, saa mbili na dakika ishirini na tano usiku. Ukipanda ndege kutoka uwanja wa Moi ni saa moja tu hewani, lakini chagua ya asubuhi au mapema mchana ili ikichelewa isikuharibie. Ukipenda treni, panda ya asubuhi, ushuke kituo cha Syokimau, Nairobi, mchana, ule, usali, upumzike kwa ndugu, kisha uende uwanjani bila haraka. Ya mchana itakushusha Syokimau usiku, wakati ambao ulipaswa uwe umekwisha kukabidhi mizigo.